Taqlidi katika Kuajiri Waandishi wa Programu

Kampuni ndogo inayojiuliza kama imdai mwandishi wa programu za kompyuta shahada ya chuo kikuu huliona jambo hilo kuwa la utaratibu tu, ilhali ndani yake limo swali la kale la falsafa ya maarifa: ujuzi wa mtu ukubaliwe kwa ushahidi wa nani? Shahada ni ushahidi wa mtu wa tatu, kwa kuwa mwajiri hakuwapo darasani na husadiki kwa sababu anakiamini chuo. Mwanauchumi Michael Spence, mwaka 1973, alionyesha kwamba hata kama masomo hayamwongezei mhitimu ustadi wowote, shahada huweza kumtenga na wengine, mradi kuipata kuwe kugumu zaidi kwa wasio na uwezo.

Wanazuoni wa fiqhi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, huita taqlidi kule kufuata kauli ya mjuzi bila kuijua hoja yake, na wengi wao humruhusu mtu wa kawaida kufanya hivyo, lakini si aliye na uwezo wa kuichunguza hoja mwenyewe. Kwa kipimo hicho, shirika kubwa lenye maelfu ya maombi, na maofisa wasiojua kusoma msimbo, yaani maagizo yanayoandikwa kwa lugha ya kompyuta, lina udhuru wa kuegemea shahada. Kampuni ya watu sita haina udhuru huo ikiwa miongoni mwao yumo anayeweza kuketi na mwombaji, kuusoma msimbo wake na kumuuliza kwa nini aliupanga hivyo.

Hata hivyo, kuona kazi hakumalizi shaka. Katika *Meno*, moja ya maandishi yake ya majadiliano, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale Plato anakiri kwamba mwenye dhana sahihi juu ya njia ya kwenda mji wa Larissa hufika sawa na anayeijua. Ila, asema, dhana isiyofungwa kwa hoja hutoroka akilini. Ndivyo ilivyo kwa msimbo pia: programu inayopanga majina mia moja kwa kulinganisha kila jina na kila jingine humridhisha mtazamaji, lakini majina yakifika milioni moja, njia hiyo hudai ulinganishaji karibu bilioni 500, ilhali njia bora hudai kama milioni 20. Aliyefundishwa kupima algoriti, yaani mfuatano wa hatua za kutatua tatizo, huiona hatari hiyo kabla wateja hawajaongezeka. Hapa ndipo ulipo utetezi imara wa shahada, wala si katika nidhamu na hadhi zinazosifiwa mno, ingawa wapo wahitimu walioikariri nadharia hiyo kwa ajili ya mtihani tu. Hati rasmi nazo hukosea: Edsger Dijkstra, mmoja wa waandishi wa programu wa mwanzo, alipofunga ndoa Amsterdam mwaka 1957, maofisa hawakuitambua kazi ya kuandika programu, na hati yake ikamtaja kuwa mwanafizikia wa nadharia.

Anayebaki ni mwanzilishi asiyejua msimbo kabisa, ambaye ni mfuasi kwa dharura na hana budi kuchagua wa kumfuata. Chuo hakipati hasara yoyote mhitimu wake akishindwa kazi katika kampuni hiyo. Mtaalamu anayeombwa kuja kumsaili mwombaji, ambaye jina lake litatajwa mambo yakiharibika, ana sababu kubwa zaidi ya kusema kweli, hata kama yeye mwenyewe hana shahada.