Aliyelipa Mashua Amenunua Nini?

Siku hizi imezuka namna ya kupumzika ambayo wazee wetu hawakuizoea. Mtu mwenye feza kidogo, ao kundi la marafiki waliochanga, hukodi mashua nzima kwa siku moja. Hawaendi kuvua, wala kuuza, wala kuzika mtu. Wanakwenda kisiwani kuogelea, kula pamoja, na kuangalia samaki chini ya maji kwa kioo cha uso na bomba dogo la kuvutia pumzi. Jioni wanarudi. Desturi hiyo imeenea Zanzibar na pwani ya bahari, nayo imefika kwenye ziwa letu Tanganika, kule Kigoma na Kipili katika Tanzania, na Mpulungu katika Zambia.

Hatutaki kujua kama desturi hiyo ni ya kisasa ao ya kigeni. Tunataka kuuliza jambo moja tu: mtu aliyelipa mashua kwa siku nzima, amenunua nini? Swali hilo laonekana kuwa jepesi. Lakini watu wamekwisha kufa kwa sababu lilijibiwa vibaya.

Kwanza tuondoe shaka moja. Wako watu wema wanaofikiri kwamba kutoa feza kwa ajili ya kuogelea ni upuzi mtupu. Hatukubaliani nao. Mtakatifu Thomas wa Aquino, katika karne ya 13, aliuliza kama mchezo waweza kuwa jambo jema, akajibu ndiyo. Alikumbusha habari ya zamani juu ya Mtume Yoane, jinsi alivyowafundisha watu kwa mfano wa upinde: upinde unaovutwa sikuzote pasipo kulegezwa, mwishowe huvunjika. Roho ya mtu ni vivyo hivyo. Mtu aliyelipa madeni yake, ambaye watoto wake wamekula na kwenda masomoni, hana zambi akitafuta siku moja ya furaha.

Tena, anayetia uso wake katika maji ya Tanganika haoni mambo ya bure. Ziwa hili lina urefu wa kilometa 670 hivi, na kilindi chake kinafika karibu meta 1,470. Katika maziwa yote ya dunia, ni Baikal peke yake lenye kilindi kikubwa zaidi. Kando ya visiwa, penye mawe, maji ni maangavu. Hapo samaki wadogo wa rangi nyingi wanakwangua ukoga wa kijani ulioota juu ya mawe. Wenye elimu wamehesabu aina zaidi ya 200 za samaki wa ukoo huo, na karibu wote hawaonekani katika maji mengine popote duniani. Wako mama wanaochukua mayai na watoto wao kinywani. Wako wengine wadogo sana wanaokaa ndani ya makome matupu ya konokono, kama mtu akaavyo nyumbani mwake. Mtu akitazama mambo hayo kwa nusu saa, hakupoteza siku yake.

Basi turudi kwenye swali letu. Mtu akikodi kinga kwa siku moja, anapewa kinga na kuiendesha mwenyewe. Akianguka, ameanguka peke yake. Mashua si hivyo. Pamoja na mashua unapewa mtu, yaani baharia anayeshika usukani. Kwa hiyo umelipa vitu vinne: chombo, esanse ya mota, saa za siku ile, na kazi ya mikono ya baharia. Hivyo vyote vyaweza kuhesabiwa kwa feza. Lakini kuna kitu cha tano kisichoandikwa katika hesabu: ni neno la baharia juu ya hatari. Yeye ndiye anayesema: twende, ao tusiende, ao turudi upesi. Je, neno hilo nalo limenunuliwa?

Tufikiri mfano. Ni mwezi wa Julai. Asubuhi ziwa limetulia kama mafuta katika sahani. Watu wanane wamefika kisiwani, wamewasha moto, nyama iko juu ya makaa, vijana wako majini. Saa sita baharia anatazama upande wa kusini, anaona maji yamegeuka rangi kwa mbali. Kila mkaaji wa ziwa ajua ya kuwa tangu Mei mpaka Septemba ndio wakati wa kusi, upepo unaotoka kusini na kusukuma mawimbi kwa urefu wote wa ziwa. Baharia anasema: «Bwana, tukusanye vitu, turudi sasa hivi.» Yule aliyelipa anajibu: «Mzee, nimelipa siku nzima. Sasa ni saa sita tu. Tutarudi saa kumi.»

Maneno yale «nimelipa siku nzima» ni ya kweli. Kosa si katika maneno yale, bali katika maana anayoyapa. Yeye anafikiri ya kuwa, kwa kulipa, amekuwa bwana wa mashua katika mambo yote. Sisi twasema hapana, kwa sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni ya akili. Wazee walisema: mgeni ni kipofu, hata akiwa na macho. Mtu anayekodi mashua pamoja na baharia, anamkodi kwa sababu yeye mwenyewe hajui ziwa. Hajui mahali penye mwamba uliojificha, hajui mto gani una mamba mlangoni mwake, hajui ya kuwa katika mawe ya Tanganika anakaa nyoka wa maji anayekula samaki, ambaye huwakimbia watu lakini ana sumu. Amelipa ili apate macho ya mtu mwingine. Baada ya kuyalipia, akiyafumba, ametupa feza yake mwenyewe majini.

Sababu ya pili ni ya haki. Ndani ya mashua kuna roho nyingi, wala si roho moja ya aliyelipa. Kuna watoto, kuna rafiki asiyejua kuogelea ambaye anaona haya kusema. Kuna baharia mwenyewe, na mke wake anayemngoja kando ya maji. Mtu aweza kutoa feza yake apendavyo. Lakini hakuna feza inayompa mtu haki ya kuhatirisha uzima wa mwenziwe.

Mfalsafa Plato wa Ugiriki aliandika jambo lililo zuri sana juu ya baharia. Katika kitabu kiitwacho Gorgias, Socrates anaeleza jinsi mwongozi wa merikebu anavyomleta mtu pamoja na watoto na mali yake salama toka kisiwa cha Aegina, akidai oboli mbili tu, yaani feza kidogo sana. Kisha anashuka na kutembea kando ya merikebu yake kwa unyenyekevu, pasipo kujivuna kwamba ameokoa maisha ya watu. Tuone maana yake. Oboli mbili zile hazikuwa bei ya maisha ya yule mtu na watoto wake. Nani angeweza kuyalipa maisha yale? Zilikuwa malipo ya safari tu. Uzima wenyewe haukuingia katika biashara.

Lakini sasa tufike penye ugumu wa jambo. Baharia wetu mara nyingi ni mtu maskini. Mashua pengine si yake. Jioni lazima ampelekee mwenye mashua hesabu yake. Akisema «turudi», anaogopa kwamba bwana atakataa kulipa nusu ya feza. Akisema asubuhi «leo tusiende», anaogopa kwamba bwana atatafuta mashua nyingine, na watoto wake watalala njaa. Kwa hiyo anaona upepo, ananyamaza. Hakuna mtu aliyemwambia: nyamaza. Lakini namna ya kulipa imemnyamazisha. Hivi neno la tano, lile tulilosema kwamba halinunuliwi, limenunuliwa kwa siri, na aliyelinunua hajui.

Ndiyo maana tunasema: haitoshi kumwacha baharia aseme. Yafaa kufanya mapatano kabla ya kutoka, ya kuwa akisema «turudi» atalipwa siku yake nzima, na akisema asubuhi «tusiende», atapewa posho ya siku ile. Anayekataa mapatano kama hayo anamwambia baharia: nitakulipa usiponionya. Anayeyakubali amemrudishia mtu uhuru wa zamiri yake. Ni feza ndogo kwa jambo kubwa namna hiyo.

Mtu ataweza kusema: «Mabaharia wengine ni wajanja. Watadanganya kwamba upepo unakuja, kusudi wabakize esanse.» Ni kweli, wako watu wa namna hiyo. Lakini tupime hasara mbili. Nikidanganywa na baharia, nimepoteza saa nne za kuogelea. Nikimdharau baharia msema kweli, nitapoteza nini? Mwenye akili huchagua hasara ile ambayo kesho aweza kuilalamikia.

Mwingine atasema: «Na baharia mwenyewe akiwa na tamaa? Akisema twende, na haifai kwenda?» Jambo hilo tunalisoma katika Matendo ya Mitume, sura ya 27. Mwongozi wa merikebu na mwenye merikebu walitaka kuendelea na safari; Paulo, aliyekuwa mfungwa, aliwaonya. Jemadari aliwasadiki wenye kazi kuliko mfungwa. Upepo mwanana wa kusini ukavuma, wakafikiri wamepata walichokitaka. Gafula zoruba ikawashika. Watu 276 waliokoka, lakini merikebu ilivunjika. Hapo twajifunza kwamba ujuzi wa baharia hautoshi kama tamaa imeingia. Kanuni twaweza kuisema hivi: ili kwenda, lazima wote wakubali, na baharia wa kwanza, lakini ili kurudi, neno la mmoja latosha, hata akiwa mdogo kuliko wote.

Wasomaji, haya si mafikiri ya darasani tu. Tarehe 24 Novemba 2018, katika Uganda, mashua iitwayo Templar ilipinduka katika ziwa Victoria upande wa Mukono. Watu waliokuwa ndani walikwenda kufurahi, wakiwa na muziki na vinywaji. Mashua haikuwa na kibali, nayo ilichukua watu wengi kupita kadiri yake. Wavuvi walikuja na mitumbwi yao kuwaokoa. Lakini zaidi ya watu 30 walikufa. Kama mmoja tu mwenye sauti angalisema pale bandarini «tumezidi, nusu washuke», jioni ile ingalikuwa ya ugomvi kidogo, basi.

Tuweke kando ya habari hiyo nyingine ya kwetu Kongo. Tarehe 3 Oktoba 2024, mashua Merdi, iliyotoka Minova, ilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku pale Goma, watu wakiitazama toka ufukoni. Makumi ya watu walikufa. Nayo ilijaa kupita kiasi. Lakini wale hawakwenda kuogelea. Vita ilikuwa imekata barabara, nao walipeleka chakula sokoni, ao walifuata jamaa zao. Mtu wa namna hiyo, akiona mashua imejaa, atafanya nini? Akishuka, hana njia nyingine. Lakini anayekwenda kisiwani kwa furaha ana njia elfu. Aweza kungoja kesho, aweza kupunguza watu, aweza kukaa nyumbani. Amepewa uhuru ambao wale wa Minova hawakuwa nao. Kuutupa uhuru huo kwa sababu ya nyama iliyo juu ya makaa, ndilo jambo tunaloliona kuwa baya.

Basi, ndugu msomaji, ukitaka siku moja kukodi mashua, uliza mambo haya kabla ya kutoa feza. Mashua inachukua watu wangapi, nasi ni wangapi? Makoti ya kuelea, yale yanayoitwa jile, yanatosha kwa kila mtu, watoto pia, nayo yatavaliwa toka mwanzo? Baharia akisema turudi, atalipwa namna gani? Mahali gani hapafai kuogelea? Tena kumbuka ya kuwa hukukodi kisiwa. Wavuvi wanaanika ndagala wao juu ya mchanga na wavu zao ziko majini. Waamkie kwanza, uwaulize pa kutia nanga, usikanyage kazi yao.

Ukikwisha kupatana hivyo, nenda kwa moyo mweupe. Ogelea, tazama samaki wale waliochukua watoto kinywani, cheka na rafiki zako. Na saa ile baharia atakapotazama upande wa kusini na kusema «Bwana, turudi», usitazame saa yako. Kusanya watoto, zima moto, upande mashuani. Ukifika bandarini, mlipe siku yake nzima, umwambie asante.