Kalamu imeinuliwa kwa aliyelala. Vipi kabla hajalala?



Kwa muda wa miaka minne hivi nilikuwa nafundisha vijana Maarifa ya Uislamu mchana, na swala ya Alfajiri inanipita nikiwa kitandani. Sikusudii kujianika, maana aibu ya mja akisitiriwa na Mola wake haifai kuifunua mwenyewe. Lakini jambo hili limenifundisha kitu ambacho sikukipata chuo kikuu wala kwenye darsa, na naamini wapo Waislamu wengi katika miji yetu walio katika hali kama niliyokuwa nayo, na wapo wengi zaidi wanaowahukumu.

Nilikuwa naweka alamu mbili za simu na moja ya saa ya mezani. Mke wangu alikuwa ananitikisa, akichoka ananirushia maji usoni, kama sunna ilivyoruhusu. Naye ananiambia asubuhi kwamba nilimjibu, "naamka," tena mara tatu. Mimi sikumbuki hata moja. Naamka jua limeshatoka, kichwa kinauma, mdomo mkavu, nimechoka kuliko nilivyolala. Nakwenda shuleni, na saa sita mchana nasinzia mbele ya darasa nikiwa nimesimama. Katika khutba ya Ijumaa ndiyo usiseme.

Msikitini kwetu watu wakaanza kuhesabu. Ni kweli Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba swala nzito zaidi kwa wanafiki ni Isha na Alfajiri, na hadithi hiyo mimi mwenyewe nimeifundisha mara nyingi. Mzee mmoja ninayemheshimu sana alinivuta pembeni akaniambia kwa upole, "Mwanangu, muogope Allah, watoto wetu wanakutazama wewe." Nilimwitikia tu, "Insha-Allah, babu," kwa sababu sikuwa na la kumjibu. Nilikuwa namuogopa Allah kila usiku kabla ya kulala, kisha nalala.

Aliyenitoa gizani si mwanachuoni bali ni mke wangu. Yeye ndiye aliyegundua kwamba nikikoroma hufika mahali nanyamaza kimya, kifua kinapanda na kushuka lakini pumzi haitoki, kisha nashtuka kama mtu aliyeibuka majini. Alinipeleka hospitali karibu kwa nguvu. Nikalazwa usiku mmoja na waya kifuani na kidude kwenye kidole. Majibu yakaja kwamba pumzi yangu inakatika au kupungua mno mara 41 kwa saa. Madaktari huuita ugonjwa huu apnia ya usingizini. Koo hulegea mtu anapolala, njia ya hewa ikajifunga kwa sekunde kumi au zaidi, oksijeni ikashuka, na ubongo ukamwamsha mtu kidogo tu apumue, kisha akarudi usingizini pasipo kujua. Inayozidi mara 30 kwa saa huhesabiwa kuwa kali. Nilifanya hesabu ya usiku wa saa sita nikapata zaidi ya mara 240.

Nilikaa na hesabu ile muda mrefu. Katika Suratuz-Zumar, aya ya 42, tunafundishwa kwamba Allah (s.w.) huzichukua roho wakati wa mauti, na zile zisizokufa huzichukua usingizini, kisha akazuia alizozihukumia kifo na kuziachia nyingine hadi muda wake. Nilikuwa naisomesha aya hii kana kwamba inazungumzia kulala mara moja na kuamka mara moja. Kumbe kuna mja anayenyimwa pumzi na kurejeshewa mara 240 katika usiku mmoja, na asubuhi anasoma dua ya kuamka mara moja tu, tena kwa kuchelewa!

Basi hapa ndipo swali langu linapoanza. Sote tunajua kwamba kalamu imeinuliwa kwa watu watatu, na mmoja wao ni aliyelala mpaka aamke. Tunajua pia kwamba Mtume (s.a.w.) alifundisha kuwa hakuna uzembe katika usingizi, uzembe ni wa aliye macho. Abu Daud amepokea kisa cha Safwan bin Al-Mu'attal, ambaye mkewe alimshitaki kwa Mtume (s.a.w.) kwamba haswali Alfajiri mpaka jua lichomoze. Safwan hakukataa. Alisema wao ni watu wa nyumba inayojulikana kwa hali hiyo, hawawezi kuamka mapema. Mtume (s.a.w.) hakumwita mnafiki, alimwambia aswali pindi anapoamka. Wapo wanazuoni waliokuwa na maneno juu ya mapokezi haya, lakini mimi kilichonigusa ni namna aliyeshitakiwa alivyosikilizwa kwanza.

Kwa hiyo, kwa miaka ile minne, natumai kwa rehema za Allah kwamba nilikuwa na udhuru. Sawa. Lakini sasa nimeshaambiwa ugonjwa wangu na dawa yake. Je, udhuru wangu bado upo?

Dawa yenyewe ni mashine. Ilibuniwa na daktari Colin Sullivan na wenzake huko Sydney, Australia, nao walitangaza matokeo yao mwaka 1981. Ni kama feni ndogo ndani ya kisanduku, inasukuma hewa kwenye mpira mrefu mpaka kwenye barakoa iliyofungwa puani, na mgandamizo wa hewa ile ndio unaolizuia koo lisijifunge. Haina sindano wala kidonge, na haikuponyi. Unaivaa kila usiku. Bei yake ni mishahara yangu ya miezi kadhaa, na kama si shemeji yangu aliyeko Muscat, nisingeipata.

Nilidhani usiku wa kwanza nitalala kama mtoto mchanga. Wallahi niliamka mara saba! Hewa inavuja kwenye kingo za barakoa na kupiga machoni. Ukifungua mdomo inatokea huko, ulimi unakuwa kama umelamba mchanga. Tumbo linajaa hewa uliyoimeza. Ukigeuka ubavu, mpira unakuvuta kama mbuzi aliyefungwa kamba. Umeme ukikatika, mashine inanyamaza na unashtuka umezibwa pua. Daktari alinitahadharisha kwamba kuzoea kunaweza kuchukua wiki kadhaa, na kwamba wengi hukata tamaa humo njiani. Wiki ya kwanza nilikuwa nimechoka kuliko nilipokuwa mgonjwa bila dawa. Zamani niliamka mara 240 nisijue; sasa naamka mara saba na zote nazijua.

Ikanijia fikra iliyonipendeza sana. Nikasema, maadamu naamka saa nane usiku, saa tisa, saa kumi, huu si mwaliko wa tahajjud? Mtu aliyekuwa anakosa hata faradhi sasa ameamshwa thuluthi ya mwisho ya usiku! Nikaivua barakoa, nikatawadha, nikaswali. Siku nne mfululizo. Nilijiona mtu wa usiku, na sitaficha kwamba nilitamani yule mzee apite dirishani anione. Siku ya tano, nikiwa naendesha gari Barabara ya Kilwa kwenda shuleni, nililala kwenye taa nyekundu. Niliamshwa na honi za daladala nyuma yangu. Taa ilikuwa nyekundu, alhamdulillah. Ingekuwa mwendo wa kasi sijui leo nani angekuwa anaandika.

Daktari aliponisikia alinikemea: ukiamka, rekebisha barakoa, rudi ulale, dawa haifanyi kazi ikiwa mezani. Kemeo hilo kumbe lilikuwemo katika vitabu vyangu muda wote. Mtume (s.a.w.) aliingia msikitini akakuta kamba imefungwa baina ya nguzo mbili, akaambiwa ni ya Zaynab, huishika anapochoka katika swala. Akaamuru ifunguliwe, na mtu aswali akiwa na nguvu, akichoka apumzike. Na amesimulia mama yetu Aisha (r.a.) kwamba anayesinzia katika swala aende akalale kwanza, asije akadhani anaomba msamaha kumbe anajitukana. Muadh bin Jabal (r.a.) naye, katika mazungumzo yake na Abu Musa kule Yemen, alisema anataraji malipo kwa kulala kwake kama anavyotaraji kwa kusimama kwake. Nimesomesha habari hii nikidhani inamzungumzia mtu aliyelala vizuri. Sikufikiri kwamba kuna siku kulala kwenyewe kutakuwa jihadi, na kusimama kuswali sunna saa nane kutakuwa ndiyo njia nyepesi ya nafsi kuikimbia.

Tatizo lililobaki ni gumu zaidi. Kuna usiku naamka asubuhi na kuikuta barakoa sakafuni. Mashine inaweka kumbukumbu, inaniambia niliivaa saa mbili tu. Mkono wangu ndio ulioivua, lakini mimi simo. Huyo ni aliyelala, kalamu imeinuliwa. Lakini kuna usiku mwingine niko macho kabisa, saa nane, nimechoka na upepo ule usoni, naivua kwa makusudi nikijua kwamba nikilala hivi Alfajiri itanipita. Kisha inanipita kweli. Je, huyu naye ni aliyelala?

Nimewauliza wanazuoni wawili, na jibu ninaloliona lina nguvu ni kwamba usingizi hauna hesabu lakini kuuelekea kuna hesabu. Tazama safari ya kurudi kutoka Khaybar. Watu walichoka, wakataka kulala, na Mtume (s.a.w.) alimweka Bilal awalindie Alfajiri. Bilal akaegemea kipando chake akiielekea mashariki, na usingizi ukamchukua hivyo hivyo mpaka jua likawapiga. Bilal akajitetea kwamba kilichowachukua wao ndicho kilichomchukua yeye, na hakulaumiwa. Hakulaumiwa kwa sababu alikuwa ameshafanya la kwake: alikaa, aliegemea, aliuelekeza uso alfajiri inakotokea. Mimi ninayeivua barakoa nikiwa macho nimeupa uso wangu upande mwingine.

Ndugu mmoja alinipinga kwa hoja nzuri. Alisema matibabu si wajibu, akataja kisa cha mwanamke aliyekuwa na kifafa, ambaye Mtume (s.a.w.) alimpa hiyari ya kuombewa au kusubiri apate Pepo, naye akachagua subira. Ni kweli, na wengi wa mafaqihi hawakuyafanya matibabu kuwa wajibu. Lakini Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao cha Jeddah mwaka 1992, lilitofautisha: asili ni ruhusa, ila huwa wajibu pale kuyaacha kutakapopelekea kuangamia nafsi au kiungo, au madhara yake kuvuka kwa wengine kama maradhi ya kuambukiza. Kusinzia hakuambukizi. Lakini mwanamke yule subira yake ilikuwa juu ya mwili wake, na mimi ningesubiri juu ya miili ya abiria wa ile daladala. Kwa kuwa naendesha gari, sioni pa kukwepa.

Sasa nije kwenye kilichonifanya nishike kalamu. Mwaka niliokuwa mgonjwa zaidi, kijana mmoja wa bweni, kidato cha pili, alikuwa anakosa Alfajiri kila mara. Nilimsimamisha mbele ya wenzake nikamsomea ile hadithi ya wanafiki, nikamuuliza anajiweka upande gani. Alilia. Na mimi Alfajiri ile ile nilikuwa nimeiswali saa moja na nusu! Ukali wangu, naona sasa, ulikuwa ni wa mtu anayempiga mwingine ili asijipige mwenyewe.

Nilipokuwa nimelala hospitali na waya kifuani nilimkumbuka yeye. Nikajiambia huenda naye koo lake linajifunga, maana hata vijana hupatwa. Niliporudi nilimwita ofisini, nikamweleza ugonjwa wangu wote, nikamwomba msamaha kwa kumdhalilisha pasipo kumuuliza, nikamwambia nitazungumza na wazazi wake apimwe.

Aliinamisha kichwa muda mrefu. Kisha akasema, "Ustadh, mimi siumwi. Nilikuwa naangalia mpira usiku, kwenye simu niliyoificha ndani ya godoro."

Sikujua nicheke au nikasirike. Nilimwambia kwamba msamaha niliouomba upo pale pale, kwa sababu nilipomsimamisha sikuwa najua lolote kati ya hayo mawili. Kisha nikamwambia akailete hiyo simu.