Saa 72 ni za Nani?

Mwanamke aliyenajisiwa kwa nguvu usiku wa Ijumaa anazo saa 72, wala si zaidi, za kuanza dawa ya kumkinga na virusi vya Ukimwi. Na kila saa ipitayo huipunguzia dawa hiyo nguvu. Twauliza: saa hizo ni mali ya nani? Hapa Tanzania polisi hutoa fomu ya PF3, nayo yafaa sana kwa ushahidi mahakamani. Lakini mganga amwambiaye mgonjwa akailete kwanza, na kituo ki mbali, ametumia saa zisizo zake. Fomu yaweza kungoja. Kumtibu si hisani, ni deni.

Walakini tusiwalaumu watumishi peke yao. Mara ngapi saa za kwanza zimekwisha nyumbani kwetu, wazee wakishauriana juu ya jina la ukoo na faini ya mkosaji, naye binti ameambiwa aoge, anyamaze? Twaliheshimu baraza la wazee. Na likae, baada ya hospitali.

Muda ulioanza Ijumaa usiku hukoma Jumatatu usiku, na katikati ipo Jumapili. Je, siku hiyo ufunguo wa kabati la dawa anao nani?