Jumatano: Mawe Chini ya Maji

*Soma Yoshua 4:1–9, 18–24. Yoshua alisimamisha mawe mahali pawili. Ni wapi? Watoto wa Israeli wangeweza kuyaona yapi?*

Mzee mmoja wa kanisa huko Bweri, Musoma, alisafiri na mjukuu wake hadi Jinja, Uganda, kwenye arusi ya ndugu yao. Baba yake, aliyefanya kazi melini, alizoea kumsimulia ngurumo ya maporomoko ya Jinja, pale maji ya Ziwa Viktoria yanapotoka kuwa mto Naili. Hata maji ya mto Mara, yanayoingia ziwani karibu na Musoma, hayana njia nyingine ya kutokea.

Walipofika, maji yalipita kimya. Kijana akauliza, "Babu, maporomoko yenyewe yako wapi?"

Mwenyeji wao akawaeleza. Mwingereza John Speke alifika hapo Julai 28, 1862, akayaita maporomoko hayo Ripon, ingawa wenyeji walikwisha kuyaita Mawe. (Jina Jinja nalo latokana na neno la jiwe.) Kisha bwawa la Owen likajengwa mbele kidogo, likafunguliwa mwaka 1954. Umeme ukapatikana, maji yakapanda, mawe yakafunikwa.

Mzee alinyamaza. Baba yake huyohuyo alibatizwa Majita, ambako Waadventista walifika kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, naye alikuwa amemwachia habari nyingi za jinsi Mungu alivyowatunza. Mjukuu hakuwahi kusikia hata moja. Ulikuwa mwaka mzima tangu kijana huyo aache kuja kanisani, na babu alikuwa amemkemea mara nyingi, lakini kusimulia, la.

Mawe ya katikati ya Yordani hayakuondoka, ila maji yaliporudi (fungu la 18) hakuna mtoto aliyeweza kuyaulizia. Agizo la Mungu lilihusu yale yaliyobebwa mabegani hadi kambini. Tena Maandiko yanachukulia kwamba mtoto *atauliza*. Anayeagizwa kujibu ni mzazi.

Usiku ule, ndani ya basi la kurudi, mzee alianza na habari ya ubatizo wa baba yake. Kijana aliuliza maswali, mengine magumu. Walipovuka daraja la Kirumi alfajiri, bado walikuwa wakizungumza.

*Ni tendo gani la Mungu katika familia yako ambalo watoto wako hawajalisikia? Ni nini kimekuzuia kuwasimulia?*