Nani Aitwe Shujaa?

Siku hizi neno "shujaa" limekuwa jepesi midomoni mwetu. Twalisema makaburini, twalisema kwenye michezo, twalisema hata kwenye mikutano ya siasa. Mtu akifa kwa ajali au kwa mkono wa mwovu, kesho yake twamwita shujaa, nasi twaona tumemtendea haki. Je, ni kweli tumemtendea haki? Katika kulitafuta jibu, tumeona vema tuwasimulieni habari za mtu mmoja na za meli iliyopewa jina lake.

Mtu huyo ni Darrell Cole, aliyezaliwa mwaka 1920 katika jimbo la Missouri, Marekani. Mwaka 1941 alijiunga na kikosi cha askari wa Marine, naye alitaka kupigana. Wakubwa wake wakamfanya mpiga tarumbeta. Akaomba abadilishiwe kazi, akakataliwa, kwa kuwa wapiga tarumbeta walikuwa wachache. Hata hivyo, huko Guadalcanal, alipokosekana mtu wa kushika bunduki ya rashasha, yeye ndiye aliyeishika. Mwishowe ombi lake likakubaliwa.

Tarehe 19 Februari, 1945, Cole, ambaye sasa alikuwa sajini, alishuka katika kisiwa cha Iwo Jima pamoja na watu aliowaongoza. Ngome ndogo tatu za Wajapani zikawazuia kwa risasi. Rashasha yao ilinyamazisha moja, kisha ikakwama. Hapo Cole akaenda peke yake, akiwa na bastola na bomu moja la mkono. Akalirusha, akarudi kuchukua mengine, akaenda tena, akarudi. Akaenda mara ya tatu, mpaka ngome zile zikanyamaza. Alipokuwa akirejea kwa wenzake, bomu la adui likamwua papo hapo. Alikuwa na umri wa miaka 24. Akiwa amekwisha kufa, alitunukiwa nishani iliyo kuu kupita zote za ushujaa nchini mwake.

Hatutaki kuyapamba mambo haya. Ndani ya ngome zile nao walikuwamo watoto wa watu, na mama zao waliwalilia. Lakini twazitafakari zile safari tatu. Safari ya kwanza mtu aweza kwenda kwa hasira, au kwa kutojua. Safari ya tatu huenda akijua. Mara mbili Cole alifika salama kwa wenzake, na angaliweza kubaki pale. Yeye alichagua kwenda.

Mwezi wa Juni, 1996, manowari mpya ya Marekani iliingia kazini ikiitwa USS Cole. Ni manowari ya aina ya destroya, yaani ile iendayo kasi na kuzilinda meli nyingine. Tarehe 12 Oktoba, 2000, ilikuwa katika bandari ya Aden, nchini Yemen, ikitia mafuta. Saa tano na robo hivi mabaharia wengi walikuwa wamepanga mstari wapate chakula cha mchana. Mashua ndogo ikaja ubavuni, na watu wawili waliokuwamo wakalipua shehena ya baruti waliyoipakia. Ubavu wa chuma ukapasuka tundu kubwa kama nyumba. Watu 17 wakafa, wawili kati yao wanawake, na zaidi ya 35 wakajeruhiwa. Waliosalia wakapambana na maji mchana na usiku, siku baada ya siku, wakaiokoa meli yao isizame. Ikabebwa juu ya meli kubwa ya Norway mpaka kwao, ikatengenezwa, ikarudi kazini mwaka 2002. Katika ushoroba wake mmoja zimetiwa nyota 17 sakafuni.

Hapa ndipo penye swali letu. Wale 17 hawakuchagua kitu. Baadhi yao walikuwa wakingoja chakula. Je, nyota zao ni sawa na jina lile la Cole?

Swali hili si la Wamarekani peke yao. Kundi lilelile la al-Qaeda ndilo lililolipua mabomu Nairobi na Dar es Salaam tarehe 7 Agosti, 1998, wakafa watu 213 Nairobi na 11 Dar es Salaam. Walikuwa wamekwenda kazini, au walikuwa wakipita njia. Huko Nairobi majina ya waliokufa yameandikwa ukutani, katika bustani ya kumbukumbu.

Twasema kwa upole, kwa maana wamo wanaowalilia hata leo: mtu aliyeibiwa hatumwiti mkarimu. Uhai wa watu wale haukutolewa sadaka, uliporwa. Tukisema wote walikuwa mashujaa, twaweza kusahau kwamba walidhulumiwa, na ya kuwa aliyedhulumiwa anatudai. Anatudai haki, anatudai ulinzi kwa walio hai, anatudai malezi ya yatima na matibabu ya waliopofuka. Sifa ni rahisi kulipa; madai hayo ni magumu. Lile jina la shujaa tuwawekee waliochagua: wale waliofukua vifusi kwa mikono mitupu ili kuwatoa watu wasiowajua, na wale mabaharia walioshuka penye maji wakati wangaliweza kukimbia.

Mtu atauliza, "Je, mama aliyefiwa tumnyime faraja hiyo?" La, hasha. Mwana hahitaji kuwa shujaa ndipo alie mama yake, wala ndipo jina lake liandikwe. Yatosha kwamba alikuwa mtu, na alipendwa. Meli ile yatufundisha vema, maana imeviweka vyote viwili, kila kimoja mahali pake. Jina la Cole lawaambia mabaharia, "Fanyeni kama huyu." Nyota za sakafuni zawaambia, "Msitusahau."

Basi, wapendwa, tutakaposimama tena kaburini, tuyapime maneno yetu. Aliyechagua tumsifu, na tujiulize kama sisi tungalikwenda ile safari ya tatu. Aliyeporwa uhai tumlilie, tumtaje kwa jina lake, kisha twende nyumbani kwake tukaone watoto wamekula nini.