Je, Aliyelipa Hana Deni Tena?

Watu wa pwani husema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nasi wa Kivu twalikubali neno hili, mgeni akiketi nyumbani mwetu. Lakini mgeni akila barabarani na kulipa, je, neno hili lingali na nguvu? Au fedha yamaliza yote?

Huko Unguja jambo hili limekuwa desturi. Jua likitua, waongozaji huwapitisha wageni katika vichochoro vya Mji Mkongwe, ambao UNESCO iliutia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, hata wafike bustani ya Forodhani. Pale huonja mishikaki, urojo na maji ya miwa, wakielezwa habari za Waarabu, Wahindi na Waafrika waliochanganya vyungu vyao. Butembo haina majumba ya kale namna hiyo. Lakini jioni yake nayo yafundisha.

Jioni moja nilimwongoza kijana mgeni kando ya soko. Baridi ya milima yetu ilikwisha kushuka. Akina mama waliketi nyuma ya majiko ya makaa: huyu anachoma makemba, yule mishikaki ya mbuzi, wa tatu anakaanga samaki wa Kyavinyonge. Kijana akaniuliza, "Baba, chakula halisi cha hapa ni kipi?" Nilitaka kumjibu upesi, nikasita. Bugali tunaouita wetu ni wa muhogo, na muhogo ulitoka Amerika, ukaletwa Afrika na Wareno. Ndizi asili yake ni Asia. Chapati ni ya Wahindi, ikapanda kutoka pwani. Sahani yetu imejaa wageni, ila tumewazoea hata tukawaita wenyeji. Basi mtu atajivunaje kwa sahani yake na kumdharau jirani?

Nilipokuwa nikiwaza hayo, kijana alitoa simu, akampiga picha mama wa makemba bila kumsalimu. Mama akageuza uso. Kijana akaninong'oneza, "Nitamlipa." Akamlipa kweli, hata akamwachia baki. Mama alizipokea zile franka, lakini hakumtazama.

Wengine watasema: "Biashara ni biashara. Mama ametaka franka, amepata franka. Kosa liko wapi?" Neno hili lina kweli ndani yake, tusilidharau. Mama huyu hakuja pale kutafuta urafiki. Alikuja kutafuta karo ya watoto. Anayemsifu sana na kununua kidogo hamsaidii. Yakupasa kulipa kwanza, tena bei ya haki.

Lakini fikiri vizuri. Ulipotia kile chakula kinywani, ulimwamini mtu usiyemjua. Hukuyaona maji aliyooshea. Naye alikuamini: alikuacha ule kwanza, ulipe baadaye. Kuaminiana huku hakununuliwi. Ni zawadi, na zawadi hujibiwa kwa heshima.

Sisi wa Butembo na Beni twajua thamani ya zawadi hiyo, maana tumeonja kuikosa. Tangu tarehe 1 Agosti 2018 hadi 25 Juni 2020 Ebola iliua watu zaidi ya 2,200 pande zetu hizi. Tuliacha kupeana mikono. Uvumi ukawafanya watu kuwaogopa hata waliokuja kuwaponya. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Na huko Beni, mauaji yaliyoanza Oktoba 2014 yamefundisha watu kuliogopa giza na kuutilia shaka kila uso mgeni. Mji ambao watu hawathubutu kula pamoja jioni ni mji uliojeruhiwa, hata kama soko lake la mchana limejaa. Kwa hiyo mama anayewasha makaa jua likitua hauzi makemba tu. Kwa tendo lake asema: naamini kwamba huyu anayetoka gizani amekuja kula, hakuja kuua.

Nikamrudisha kijana. Nikamwambia, "Mwanangu, msalimu mama." Nikamfundisha kushukuru kwa Kinande: wasingya. Akalitamka vibaya, akina mama wakacheka, na yule mama akamsahihisha. Kisha kijana akaomba ruhusa ya picha. Mama akakataa. Kijana akaifuta ile ya kwanza mbele ya macho yake. Hapo mama akachukua kipande kimoja cha ndizi, akampa, akakataa kulipwa.

Basi, msomaji, jibu langu ni hili. Aliyelipa amemaliza deni la chakula. Deni la kuaminiwa lingalipo, nalo hulipwa kwa salamu, kwa kweli, na kwa kukubali kwamba mwenye jiko aweza kukukatalia. Kesho ukipita pale jua likitua, usianze kwa kuuliza bei. Anza kwa kusalimu.