Utulivu wa Askari wa Keya

Mtu aliyekwenda vitani akarudi salama, asiwe na jeraha la kufungwa kitambaa wala maradhi ya kumpeleka kwa tabibu, lakini usiku hapati usingizi na mchana hushtuka mlango ukibamizwa, kisha akaenda zake barazani akacheza bao tangu alasiri hata magharibi, na moyo wake ukatua: je, hicho kilichomshukia ni utulivu wa kweli, ule ambao Sura ya Ar-Raad imeufungamanisha na kumdhukuru Mwenyezi Mungu, au ni kughafilika tu kunakojifanya raha? Swali hili si la mzaha, na waliohusika nalo walikuwa wengi kuliko tudhanivyo.

Tanganyika peke yake ilitoa watu wapatao 87,000 katika Vita Vikuu vya Pili. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyokuwa imetoka Mombasa, ilipigwa na manowari ya chini ya maji ya Wajapani, na mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki wakaghariki kwa dakika chache. Na katika mvua za mwaka huohuo Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliteremka bonde la Kabaw, nchi ya Burma, njia zikiwa matope matupu na malaria ikiangusha watu sawa na risasi, mpaka ikauvuka mto Chindwin mwezi wa Desemba. Waliosalimika walipewa bakshishi yao, wakapewa na hati ya kuachishwa jeshi, wakaambiwa waende makwao.

Wazee wa bara walikuwa na busara ambayo serikali haikuiona. Kwa Wanandi, mtu aliyemwua mtu wa kabila jingine alijipaka rangi nyekundu upande mmoja wa mwili na nyeupe upande wa pili, wala hakuruhusiwa kwenda kwake siku nne, bali alikaa katika kibanda kando ya mto, mbali na mkewe, akila vyakula maalumu, hata siku ya nne ikiisha anywe dawa ya kumtakasa ndipo arejee kwa watu. Askari wa Keya, yaani wa jeshi la King's African Rifles, aliyeshuka bandarini hakuwa na kibanda cha mtoni. Alikuwa na baraza.

Na hapo barazani, kwenye kahawa chungu na kipande cha kashata, alikutana na wenziwe waliovaa nguo zilezile, ambao hawakumtaka ajieleze. Wazee wa namna hiyo wakisimulia Burma hukutajia mvua, na ruba, na ukali wa sajini fulani, na maajabu ya Ceylon. Aliyekufa hutajwa kwa jina lake, akarehemiwa, kisha mchezo ukaendelea. Msikilizaji kijana hudhani wanaficha. Mimi naona wamekwisha kusema.

Mwenye kukataza bao ana hoja yake. Madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya watu wa mwambao, yameharamisha mchezo wa dadu, na shataranji yakaitia katika makuruhu, maadamu hakuna kamari wala sala haipitwi na wakati. Na bao, kwa kuwa hutegemea fikra wala si bahati ya dadu, lastahili kupimwa kwa mizani ya shataranji. Lakini hukumu hiyo ni ya mtu mwenye nafsi iliyotulia, anayechezea wakati wake. Imam Muslim amepokea habari ya Hanzala, aliyekuwa katibu wa Mtume, ambaye alijiona mnafiki kwa kuwa mbele ya Mtume moyo wake hujaa Pepo na Moto, na akirejea kwa wake na watoto na mashamba husahau mengi. Naye Mtume hakumkaripia, bali alimfahamisha kwamba binadamu amegawiwa saa za namna mbili. Basi Hanzala alihuzunika kwa kutodumu katika hofu iliyo tukufu, na askari wetu ahuzunika kwa kushindwa kutoka katika hofu isiyo na utukufu wowote. Ikiwa yule aliruhusiwa saa yake, huyu anayo haki zaidi.

Tena bao si mchezo wa kusahau. Lina mashimo 32 na kete 64, na mwenye kughafilika hata kidogo huliwa, akachekwa. Ni vita kamili, vyenye kuvizia na kushambulia, isipokuwa kete iliyoliwa haitoki ubaoni: hutiwa upande wa aliyekula, ikaingia tena katika mwendo, hata mchezo ukiisha zote 64 zingali pale. Sijui kama waliolitunga walikusudia hilo, wala sidhani mchezaji hulifikiri; ila mkono wake walijua, na aliyezoea kuhesabu wenzake jioni baada ya mapigano akapata wamepungua, si ajabu akapenda hesabu isiyopungua.

Wapo waliopata zaidi ya hapo katika halaka za dhikri za tarika ya Kadiria, zilizostawi Bagamoyo kwa juhudi za Shekhe Yahya bin Abdallah, maarufu kwa jina la Ramiya, aliyefariki mwaka 1931. Hao sina la kuwauliza.

Liko jambo moja ambalo baraza haliwezi, nalo ni damu. Aliyepiga risasi katika ukungu wa Kabaw asijue imempata nani, haoni jawabu katika kahawa. Sharia imemwekea aliyeua kwa kukosea, asiyekuwa na mtumwa wa kumwacha huru, kufunga miezi miwili mfululizo. Na wapo watakaosema kwamba vita ni vita na kafara hiyo haimhusu askari, na kwa hukumu pengine ni kweli. Lakini akitaka kuifunga kwa hiari yake, simwoni shekhe wa kumzuia, kwani saumu ile, kama siku nne za Wanandi, ina kitu ambacho hati ya kuachishwa jeshi haikuwa nacho: muda uliopimwa, wenye mwanzo na mwisho, ambao mwili wenyewe huutumikia.